Line of Duty inarudi: mwandishi asiondoke chumba cha mahojiano

Ndugu Mhariri,

Tangu BBC itangaze Novemba 2025 kwamba Line of Duty, tamthilia yake ya polisi, inarudi kwa msimu wa saba, wapenzi wa tamthilia hii wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwa kuwa wapelelezi wake wakuu watatu, Hastings, Arnott na Fleming, watarudi kazini. Wengine wanasema heri ingeachwa ilipoishia, maana mwisho wa msimu wa sita mwaka 2021 uliwaudhi na kidonda hakijapona. Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme tofauti na wote. Mwisho ule ulikuwa sahihi, njia ya kuufikia ndiyo iliyokosewa, na kesi iliyochaguliwa safari hii inaweza kuirudishia tamthilia nguvu yake ya zamani, mradi mwandishi wake, Jed Mercurio, akubali kukaa mezani na majalada.

Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama bila kujua siri zake asiendelee kusoma. Jumla ni sehemu 36: msimu wa kwanza wa mwaka 2012 una 5, misimu minne iliyofuata ina 6 kila mmoja, na wa sita una 7. Inahusu kikosi kinachoitwa AC-12, polisi wanaowachunguza polisi wenzao wanaokula rushwa au kutumikia magenge ya uhalifu. Kila msimu una mtuhumiwa wake mkuu, ila genge na siri yake ni zilezile kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kinachoitofautisha na tamthilia nyingine za polisi ni chumba cha mahojiano. Watu wanakaa upande huu na ule wa meza, mashine ya kurekodi inatoa mlio mrefu unaochosha masikio, kila mmoja anataja jina na cheo, kisha linafunguliwa jalada. Hapo kamera haikimbii. Mahojiano hayo hupigwa kwa mkupuo mmoja mrefu, waigizaji wakiwa wamekariri kurasa kwa kurasa, na ndiyo maana uchovu unaouona usoni mwao ni uchovu kweli. Katika sehemu ya sita ya msimu wa sita, mahojiano ya mtuhumiwa Jo Davidson mbele ya mhojaji Patricia Carmichael yanachukua karibu nusu saa, na hakuna mtu anayenyanyuka kwenye kiti.

Kinachofanya kazi pale ni mpangilio wa ushahidi. Mhojaji mzuri haanzi kwa kuonyesha picha ya kamera ya barabarani. Anaanza kwa kumwacha mtuhumiwa aeleze mwenyewe: ulikuwa wapi, ulikwenda na nani, simu yako ilikuwa na nani. Akishaeleza, anarudishwa nyuma na kuulizwa maswali madogo yanayoziba milango ya kutokea: gari uliendesha mwenyewe? Simu hukumwazima mtu? Una uhakika na saa? Milango ikishafungwa, ndipo inaletwa karatasi, na mtuhumiwa anaambiwa aitazame picha namba fulani kwenye jalada lake. Ukiigeuza hatua hiyo, yaani ukaonyesha picha kwanza, umempa nafasi ya kutunga maelezo yanayoendana na picha. Polisi wa Uingereza walibadilisha mafunzo yao ya mahojiano mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kesi kama za milipuko ya mabomu ya Guildford na Birmingham kubainika kuwa watu walifungwa miaka mingi bila hatia, huku kukiri kwao kituoni kukiwa sehemu ya ushahidi uliowafunga. Tangu hapo mkazo ni kupanga, kueleza, kusikiliza, kufunga na kutathmini, badala ya kumbana mtu hadi akiri. Anayelijua hilo anaitazama Line of Duty kwa jicho jingine kabisa.

Halafu kuna kanuni ya cheo. Ndani ya tamthilia, ofisa anayechunguzwa ana haki ya kuhojiwa na mtu anayemzidi cheo angalau kwa ngazi moja. Wengi huichukulia kama mbwembwe, lakini ndiyo inayozalisha vita nzima. Katika msimu wa pili, mtuhumiwa Lindsay Denton ni Inspekta. Arnott akiwa Sajini hawezi kumhoji peke yake, na Denton anaidai haki hiyo kwa utulivu mpaka Hastings analazimika kuingia mwenyewe. Msimu wa nne, Roz Huntley anakwenda mbali zaidi: anawageuzia wahojaji meza, na mwishoni anatumia mamlaka yake ya upolisi, yeye akiwa mtuhumiwa, kumkamata wakili wake, Jimmy Lakewell, palepale mezani. Hakuna risasi iliyopigwa katika tukio hilo. Ni kifungu cha sheria tu kilichotumiwa na mtu anayekijua.

Sasa turudi kwenye msimu wa sita. Watu milioni 12.8 walitazama sehemu ya mwisho nchini Uingereza, wakitarajia kwamba "H", mkubwa wa nne aliyekuwa akilinda genge, angekuwa mtu wa kutisha. Akatoka Ian Buckells, ofisa mzembe tuliyemwona tangu msimu wa kwanza, mtu wa kuchelewesha majalada na kupeleka upelelezi kusikohusika. Hasira zikawaka. Lakini hebu tufikiri: jalada hupotea kwa njia gani? Mara nyingi linakufa mikononi mwa mtu anayesema "bado linashughulikiwa". Shahidi hakuitwa, kielelezo hakikupelekwa maabara, mtuhumiwa sahihi aliondolewa kwenye orodha kwa maelezo ya mstari mmoja. Mtu wa namna hiyo hapandishwi cheo kwa akili. Anapandishwa kwa sababu hamsumbui mtu. Mercurio alilisema hili kwa ujasiri, na hata kilichomnasa Buckells kilikuwa kosa moja la tahajia lililojirudia kwenye maandishi ya miaka tofauti. Huo ni upelelezi wa mezani hasa.

Kasoro zilikuwa kwingine. Ya kwanza ni mapigano ya bunduki. Msafara uliokuwa umembeba wakili Lakewell ulishambuliwa mchana kweupe, ukafuatiwa na makabiliano mengine, na kila pambano lilikula dakika ambazo zingetumika kuwabana watu mezani. Ya pili ni vifupisho. Mtazamaji hupenda kusikia lugha ya kazini, ila msimu wa sita ulimwaga vifupisho mpaka mazungumzo yakageuka orodha. Ya tatu, na hii ndiyo iliyoumiza zaidi, ni kwamba mahojiano ya Buckells yalikuja yakiwa yamechelewa na yakiwa mafupi. Anaanza kwa kujibu "sina la kusema", na ndani ya dakika chache mambo ya miaka tisa yanamwagwa. Milango haikufungwa mmoja mmoja kama alivyofanyiwa Davidson wiki moja kabla. Mtazamaji aliyesubiri tangu 2012 alistahili saa nzima ndani ya chumba kile.

Ikumbukwe pia kwamba upigaji picha wa msimu huo ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19 na kuanza tena Septemba. Hilo halikuandika mazungumzo vibaya, lakini lilibana namna ya kupanga watu wengi kwenye tukio moja.

Kinachonipa matumaini ni habari ya msimu mpya wenyewe. Zitakuwa sehemu 6, idadi inayoifaa zaidi tamthilia hii. AC-12 imevunjwa na kupewa jina jipya na sura ya ukaguzi wa viwango vya polisi, na watatu wetu wanakabidhiwa kesi ya Inspekta Dominic Gough, ofisa mwenye mvuto na sifa za kuangusha magenge, anayetuhumiwa kutumia nafasi yake kuwawinda wanawake kingono. Kwa Uingereza hili halikutoka hewani. Machi 2021 Sarah Everard aliuawa na Wayne Couzens, askari wa jeshi la polisi la London, aliyemkamata kwa hila akitumia kitambulisho chake cha polisi na pingu. Mwaka 2023 askari mwingine wa jeshi hilohilo, David Carrick, alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri makosa mengi ya ubakaji aliyoyatenda kwa miaka mingi akiwa bado amevaa sare. Msimu mpya unaingia kwenye jeraha ambalo bado bichi, na ni lazima uingie kwa adabu.

Kesi ya aina hii inapelelezwa tofauti kabisa na ya bunduki. Hakuna eneo moja la tukio lenye damu na maganda ya risasi. Ushahidi umetawanyika kwenye kumbukumbu za kompyuta. Kila askari anapoingia kwenye hifadhidata ya polisi kutafuta jina au namba ya gari, mfumo huacha alama: ni nani aliyeingia, saa ngapi, ametafuta nini. Ofisa anayewinda wanawake mara nyingi huanzia hapo. Analitafuta jina la mwanamke aliyewahi kuripoti kupigwa na mumewe, halafu linatafutwa tena baada ya wiki mbili wakati kesi imeshafungwa, na hakuna kazi yoyote iliyoandikwa kwenye daftari la zamu siku hiyo. Ukiiweka tarehe ya utafutaji kando ya tarehe ya ujumbe uliotumwa kwa simu, na kando ya hayo ukaweka mahali gari la polisi lilipokuwa kwa mujibu wa kifaa chake cha kufuatilia, unaanza kuona mstari. Ushahidi mwingine uko kwenye kamera ya kifuani iliyozimwa kwa dakika 40 bila sababu, namba binafsi aliyopewa mlalamikaji badala ya namba ya ofisi, na ziara za usiku ambazo hazikuripotiwa kwa redio.

Hapo ndipo mambo huharibika kwa sababu ndogo. Msimamizi anapata fununu, anamwita ofisa huyo pembeni "kumwonya kirafiki", na jioni hiyo simu inafutwa kila kitu. Au mlalamikaji anahojiwa mara tatu na watu watatu tofauti, maelezo yake yanapishana kidogo kama yanavyopishana ya mtu yeyote aliyeumizwa, na wakili wa utetezi anazikamata tofauti hizo na kuzifanya uongo. Uingereza ina utaratibu wa kumrekodi mlalamikaji wa kosa la kingono kwa video mapema, na rekodi hiyo ikachezwa mahakamani kama ushahidi wake wa msingi, ili asilazimike kurudia kila kitu upya. Natamani kuona tukio hilo likifanyika taratibu na kwa usahihi: Kate Fleming ameketi, maswali ni ya wazi, hakuna kumkatiza anayeeleza, mlalamikaji ananyamaza na hakuna anayeuziba ukimya wake kwa swali jingine. Vicky McClure, anayemwigiza Fleming, anaweza kuibeba saa nzima namna hiyo.

Na Gough naye aingizwe chumbani kwa mpangilio uleule. Aeleze kwanza uhusiano wake na kila mwanamke. Akisema "nilimjua kikazi tu", aulizwe mara ya mwisho alipolitafuta jina lake kwenye mfumo. Akisema ilikuwa siku ya tukio, ndipo ufunguliwe ukurasa wenye tarehe nyingine saba. Tarehe saba hizo zina uzito kuliko msafara wowote wa magari kushambuliwa.

Sisi huku tuna sababu zetu za kuijali tamthilia hii. Msimu wa kwanza unaanza na kosa la mlango: askari wa kupambana na ugaidi wanavamia nyumba isiyo yenyewe kwa sababu namba imesomwa vibaya, wanamuua kijana Karim Ali mbele ya mkewe na mtoto, kisha wanatakiwa wote watoe maelezo yanayofanana. Arnott anakataa, na kukataa huko ndiko kunakompeleka AC-12. Mtanzania anayekumbuka Januari 2006 hahitaji kuelezwa. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam, taarifa ya kwanza ikawa ni majambazi waliorushiana risasi na polisi, na ikabidi iundwe tume chini ya Jaji Musa Kipenka ndipo habari ikasimuliwa vingine. Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao. Swali la Line of Duty, nani aliyekubali kuandika maelezo yanayofanana na nani aliyekataa, tumeliishi.

Kwa jirani zetu Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliunda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi, na ndani ya jeshi lenyewe kuna kitengo cha masuala ya ndani. Katika kesi ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa pamoja na mteja wake Josephat Mwendwa na dereva Joseph Muiruri mwaka 2016, moja ya vitu vilivyofungua njia kilikuwa ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi ya msalani na kurushwa nje ya mahabusu ya kituo cha Syokimau. Hukumu ilitoka mwaka 2022. Kipande cha karatasi laini kiliwashinda watu waliokuwa na bunduki, pingu na funguo.

Waandishi wetu wa tamthilia za upelelezi nao wana la kuchukua hapa. Kwenye michezo mingi tunayotazama, mtuhumiwa anapigwa kofi, analia, anakiri, na sehemu inaishia hapo. Kisheria hapo ndipo kesi inapofia. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mpelelezi saa 4 za msingi kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, na zikihitajika saa zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Kabla ya swali anaonywa kwamba halazimiki kusema lolote na atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Anaelezwa haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Saa ya kuanza na ya kumaliza inaandikwa. Akimaliza anasoma au anasomewa, anarekebisha, anathibitisha na kutia saini au dole gumba. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa saa ya sita bila muda kuongezwa yanaweza kutupwa na mahakama hata kama yana kila kitu. Hebu fikiri tukio lenye saa ya ukutani ikielekea kutimiza saa ya nne, mpelelezi kijana akijua, mkubwa wake akimwambia aendelee. Presha iliyomo humo inatosha kushika sehemu nzima.

Vilevile mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilikamatwaje, kilitunzwa na nani, kilihamishwa kwenda wapi na kupimwa na nani. Kwa hiyo simu inayokamatwa kwenye mchezo isiwekwe mfukoni mwa shujaa. Ijazwe hati ya ukamataji mali mbele ya shahidi, ifungwe kwenye bahasha, iandikwe namba ya jalada, mtunza vielelezo asaini kuipokea. Zima simu au ikate na mtandao kwanza, maana mwenzake aliye nje anaweza kuifuta akiwa mbali. Nguo yenye damu iwekwe kwenye bahasha ya karatasi baada ya kukauka, kwa kuwa kwenye mfuko wa plastiki unyevu huleta ukungu na vinasaba huharibika. Mtu mmoja asiyesaini daftari la kupokea vielelezo anatosha kumfungulia mlango muuaji, na huyo mmoja ni mhusika mzuri kuliko jambazi yeyote mwenye miwani myeusi.

Hata hadithi ya Gough tunayo sheria yake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinakitaja kitendo cha mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma kuwa kosa la jinai. Mwandishi anayetaka kuandika mchezo wa mwanamke aliyekwenda kituoni kudai dhamana ya mdogo wake akaambiwa arudi saa mbili usiku ana sheria na ana TAKUKURU. Ukweli huo haumhitaji mtu wa Uingereza auandike kwa niaba yetu.

Kwa anayetaka kujiandaa na hana muda wa sehemu zote 36, nashauri aanze na msimu wa kwanza wote, kwani ndipo Buckells, genge na yule mtoto Ryan Pilkington wanapoingia. Mtoto huyo atarudi msimu wa sita akiwa amevaa sare ya polisi, na hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote kwenye tamthilia nzima. Kisha atazame msimu wa pili bila kuruka, kwa ajili ya Denton. Sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu ni ya lazima, kwa kuwa ndipo Dot Cottan, ofisa wa AC-12 aliyekuwa akilitumikia genge kwa siri, anapokufa akirekodiwa, na vidole vyake kwenye rekodi hiyo vinakuja kueleweka mwishoni mwa msimu wa tano: nukta nne, ambazo kwa alama za Morse, zile za nukta na vistari, ni herufi H, zikimaanisha wakubwa wanne. Msimu wa nne atazame mwanzo na mwisho. Wa tano atazame sehemu mbili za mwisho, Hastings akiwa kiti cha mtuhumiwa. Wa sita atazame sehemu ya sita na ya saba mfululizo, usiku mmoja, ili aone mwenyewe tofauti ya mahojiano ya Davidson na ya Buckells.

Wako katika safu hii,
Mtazamaji wa tamthilia za upelelezi,
Ilala, Dar es Salaam